Nilikatwa Tumbo, Kijiji Kikadhani ni Supu

Mpendwa Bi Ragnhild,

Naomba unisaidie, tena haraka, kabla mama mkwe wangu hajaitwa redioni mara ya pili. Mimi ni fundi wa mapaa, umri wangu umepita hamsini, naishi na mke wangu Annelise katika kijiji kimoja huku kusini mwa Jutland, na tangu ujana nimekuwa mtu mnene, si mnene wa kutaniwa tu bali mnene wa kufanya ngazi ilie, mpaka daktari akaniambia waziwazi kwamba moyo wangu unafanya kazi ya mioyo miwili na kwamba ingekuwa yeye angekubali kupasuliwa, mfuko wa chakula upunguzwe ubaki kama ndizi moja, nikarudi nyumbani nikalia kidogo gereji, nikakubali, na hilo silijutii hata siku moja.

Tatizo ni kwamba sikutaka mtu ajue. Mwaka juzi kuna dada mmoja wa hapa alifanyiwa upasuaji huohuo, akasema wazi, na Ingolf mwenye duka la mikate akatangaza mbele ya wateja, "Wengine wanakatwa tumbo kwa sababu wameshindwa kufunga mdomo," watu wakacheka mpaka wakashika kaunta, na mimi nilikuwa kwenye foleni na boksi la keki mkononi, nikahisi kila neno linaniingia mimi. Kwa hiyo ilipofika zamu yangu tukakubaliana na Annelise tuseme naenda Sweden kuvua samaki. Nilirudi nimepauka, natembea nimeinama kama mzee, na sina samaki hata mmoja.

Sasa mama mkwe wangu, Metha, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, ni mjane, mikono yake haijui kukaa bure, akaniona tu akasema, "Mungu wangu, huko Sweden hawali?" na jioni ileile akaleta sufuria ya supu yake ya kabichi na mbegu za kisibiti. Bi Ragnhild, daktari alikuwa ameniambia wiki za mwanzo ni vya kunywa tu. Annelise akaichuja kwa kitambaa, nikainywa kijiko kimoja kimoja, ikakaa. Mama akaona sufuria inarudi tupu, akaleta nyingine, na nyingine, na mimi napungua, mashavu yanaondoka, suruali zinadondoka, mpaka siku moja akasimama mlangoni akanitazama juu mpaka chini.

"Thorkild, mwanangu, umepungua."

"Ndiyo, mama."

"Ni supu."

Annelise akageukia dirishani. Nilikuwa na nafasi hapo ya kusema jambo lolote, ningeweza hata kukohoa, lakini nilimwona yule mama uso wake umefunguka namna ambayo sijaiona tangu baba mkwe afariki, nikasema, "Ndiyo, mama. Ni supu."

Basi. Jumapili akawaambia wenzake kwenye kahawa ya kanisani, wiki haijaisha wanawake wa ukumbi wa michezo wanakuja na ndoo, mara kuna picha yangu kwenye mlango wa ukumbi wa kijiji, mimi wa zamani na mimi wa sasa, na mshale mkubwa kati yetu wenye sufuria katikati, halafu redio ya mkoa ikamwita mama akaieleze supu yake. Kijiji kizima kinanuka kabichi. Bendi yetu ya matarumbeta inafanya mazoezi milango wazi, mwezi wa Februari, na sababu naomba usinilazimishe kuiandika. Meza ya kahawa ambayo bibi zetu waliijaza keki za kila aina mpaka mtu akaomba msamaha, sasa ina keki tatu zilizonuniwa, na Ingolf nikipita dukani kwake ananifungia mlango wakati bado mchana.

Na hawapungui, Bi Ragnhild! Hilo ndilo linalowashangaza, wanakuja kwangu kama mimi ndiye niliyesomea. Mchungaji mwenyewe alinivuta pembeni baada ya ibada, akaninong'oneza, "Thorkild, mimi mbona nabaki palepale? Nakoroga vibaya? Wewe unakoroga upande gani?" Alikuwa na macho ya huzuni kweli, nikashindwa kumwacha hivihivi, nikasema, "Kushoto, mchungaji." Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sasa kila jiko la kijiji hiki linakoroga kushoto. Halafu wakaanza kusema labda ni yale maji ya Sweden, wakaniuliza ni ziwa gani, nikataja jina la kwanza lililonijia, wakaenda wanaume watatu wazima, wakakaa kwenye kibanda cha baridi wakinywa supu na kuchungulia maji, wakarudi na mafua, na wamenenepa kwa sababu ya soseji za njiani.

Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mama nililazimishwa kipande cha keki ya krimu, nikakila kwa heshima, na mtu mwenye tumbo kama langu hatakiwi kufanya hivyo, jasho likanitoka, moyo ukaenda mbio, nikaenda kulala juu ya makoti ya wageni chumba cha nyuma nikidhani nakufa, na mama akawa anawatuliza watu huko ukumbini, "Mwacheni, mwacheni, supu inamsafisha." Wakapiga makofi. Nilikuwa nimelala juu ya koti la mke wa mchungaji nikisikia makofi.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia. Lakini kuna Palle. Palle ni mwenzangu wa kazi tangu tukiwa wanagenzi, ni mkubwa kuliko nilivyokuwa mimi, ana kisukari, miguu yake imeanza kufa ganzi, na ukiwa juu ya paa miguu ndiyo kila kitu. Wiki iliyopita tumekaa kwenye gari tunakula, yaani yeye anakunywa supu kwenye chupa ya chai na mimi najifanya nakula mkate, akasema, "Nina jambo sijamwambia mtu. Nilikuwa kwenye foleni ya hospitali. Nikatwe tumbo."

Nikaumega mkate wangu.

"Wakanipigia, nafasi yangu imefika," akasema. "Nikawaambia wampe mwingine. Nikatwe ya nini, wakati wewe umeweza kwa supu? Nilikuangalia nikajiambia, Palle, acha uoga wa kutafuta njia ya mkato. Wewe ndiye umenipa moyo, bwana."

Akanipiga bega. Nikasema, "Vizuri." Hilo ndilo nililosema, Bi Ragnhild: vizuri.

Sasa silali vizuri. Nikimwambia Palle, atajua mimi ni mwongo, na Palle hana siri, atasema kwa hasira. Akisema, mama ataaibika, na Jumamosi hii ukumbini anapewa kikombe cha mwanakijiji bora wa mwaka, na mimi nimepangiwa nipande jukwaani nikiwa nimevaa suruali yangu ya zamani, nimeingia mguu mmoja tu, mguu wa pili aingie mchungaji. Annelise anasema, "Mwambie mtu mmoja tu, utapumua." Lakini yupi? Nimwambie Palle nimnyime mama kikombe? Nimwambie mama kwanza? Niwaambie wote kwa pamoja, pale jukwaani, na suruali? Au nihamie kweli Sweden? Nijibu upesi.

Niliyezama kwenye supu


JIBU LA BI RAGNHILD

Thorkild, nakuita hivyo kwa kuwa umeomba nilifiche jina lako, na majina ya wengine wote pia nimeyabadilisha.

Kwanza pole. Kupasuliwa si mchezo, na anayedhani ni njia ya mkato ajaribu kukaa mezani kwa mama mkwe akiwa na tumbo la ndizi. Ulifanya jambo la busara kwa moyo wako, na hukuwa na deni la kumweleza mtu yeyote. Tumbo ni lako. Yule muuza keki aliyewalisha watu maisha yake yote kisha anawacheka wakinenepa, huyo usimpe hata dakika moja ya aibu yako, hana pa kuiweka.

Sasa nikugombeze. Kunyamaza ni haki yako, lakini wewe hukunyamaza! Mtu anayenyamaza anafunga mdomo. Wewe uliufungua ukasema "ndiyo, mama", ukaufungua tena ukasema "kushoto", ukawatuma wazazi wa watu Sweden wakapate mafua, na ulipotakiwa kusema neno moja la maana kwa rafiki yako, ukasema "vizuri". Siri yako ilikuwa inakulinda wewe. Hii nyingine, ya supu, inaumiza watu.

Barua yako nilikuwa naisoma huku nacheka mpaka nilipofika kwa Palle. Hapo sikungoja gazeti, nikachukua simu. Wasomaji wangu wajue ulipokea ukiwa juu ya paa, nikakwambia ushuke, ukasema unamalizia vigae viwili, nikakwambia vigae vitakungoja. Ulishuka. Kwa hilo nakusifu. Na jioni ulinipigia ukanisimulia, na umenipa ruhusa niyaandike yaliyopita, maana kuna wengi wanaohitaji kuyasoma.

Ulimwambia, "Palle, si supu. Nilikatwa."

"Ulikatwa wapi?"

"Tumbo."

"Lini?"

"Ile safari ya Sweden."

"Kwa hiyo hukupata samaki."

"Palle, hakukuwa na Sweden."

Akauliza, "Na kushoto?" Ukasema ulitunga. Hapo akakutukana, na nimesikia ni matusi ya kifundi hasa, akaitupa chupa yake ya supu uani kwenu, akaenda kujifungia kwenye gari. Ukadhani umempoteza. Baada ya muda akashusha kioo, akakuuliza kwa sauti ya chini kama inauma. Mkaongea humo garini mpaka Annelise akawaletea blanketi. Alikuuliza maswali ambayo hakuwahi kuthubutu kumuuliza daktari: kama mtu anaamka, kama anasikia njaa, kama mke anaendelea kumtazama vilevile. Ukamjibu yote. Hukuona, Thorkild, kwamba wewe ndiye mtu pekee kijijini mwenye majibu hayo, na ulikuwa umeyakalia kama kuku mayai?

Asubuhi Palle akapiga simu hospitali. Nafasi yake ilikwisha kupewa mtu mwingine. Wamemrudisha kwenye foleni, na wamemwambia asitarajie kitu kabla ya vuli. Sikufichi: miezi hiyo umemchelewesha wewe. Hutaifidia kwa kulia gereji. Mpaka siku yake ifike, mapaa yote yenye mteremko mkali unapanda wewe, yeye abaki chini na vipimo. Kliniki unampeleka wewe. Siku akiamka pale hospitali, awe anakuona wewe kitini, umekaa kimya, hujajifanya mcheshi.

Twende kwa mama mkwe. Unaogopa kumwaibisha, lakini unachokifanya sasa ni kumpandisha juu zaidi ili aanguke kutoka mbali. Mwende wewe na Annelise, mkae jikoni kwake, umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako. Usimtume mkeo. Usianze na kabichi, anza na hospitali. Atakasirika, atasema maneno, mwache aseme. Kisha mwambie na hili, maana ni kweli tupu na wewe mwenyewe umeliandika bila kulitambua: siku ulizokuwa huwezi kumeza chochote, supu yake ndiyo iliyokaa. Haikukupunguza hata kidogo. Ilikulisha. Mjane aliyembeba mkwe wake kwa kijiko wiki nzima nzima anastahili kikombe, ila si kwa sababu iliyoandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Jumamosi atachagua mwenyewe kama atakipokea na atasema nini. Wewe huna sauti katika hilo, umeshaongea ya kutosha mwaka huu.

Picha ya mlangoni ing'oe leo. Mchungaji mwambie tu hakuna upande, akoroge anavyopenda, na kwamba akitaka kupungua akamwone daktari. Suruali ichome.

Waliobaki huna deni la kuwaeleza. Ila daktari wa meno, muuza dawa, yeyote atakayekupa kidonge au sindano, huyo mwambie kila mara bila aibu. Anayekualika chakula mwambie unakula kidogo na sukari inakudhuru, inatosha, muungwana hataomba kuona mshono. Akiuliza zaidi mwambie, "Hayo ni yangu na daktari wangu," kisha ongea habari za hali ya hewa. Umezaliwa Jutland, ambako watu huficha yao nyuma ya mvua na upepo, hilo huhitaji kufundishwa.

La mwisho. Tulipoongea nilikwambia barua hii inatoka Alhamisi, ukasema hakuna shida, utakuwa umeshamwambia mama. Jana nilikupigia kuhakikisha, ukaniambia bado unatafuta maneno. Majina nimeyaficha kama ulivyotaka, lakini fikiri kidogo, bwana: Jutland nzima kuna vijiji vingapi vyenye supu, kikombe na bendi inayopiga milango wazi? Gazeti limeshaingia kwenu. Mama mkwe wako, umeniambia mwenyewe, huanza na kurasa za vifo, kisha anakuja kwangu.

Anasoma polepole. Vaa viatu.