Upande Wenye Barafu

Jumapili, 23 Novemba

Mgeni wa mwisho alishaondoka. Shayiri iko ghalani, ng'ombe wako ndani. Sasa ndiyo zamu ya miguu yetu. Majira ya joto nani ana nafasi ya kukimbia? Ni vitanda vya wageni, maji ya mashamba, kuanika aprikoti, basi. Baridi ikiingia kijiji kizima kinalizunguka jiko la bati, kinakunywa chang, pombe yetu ya shayiri, na kusengenyana. Sisi wawili tunatoka.

Sisi, yaani mimi na wifi Spalzes, mke wa kaka Thinles. Kaka yuko mpakani na jeshi lake mpaka masika. Leo wifi kanitoa pumzi. Mimi bado nahema darajani, yeye ameshafika malishoni, kakaa juu ya jiwe, ananiuliza: "Wifi, unakuja, au nikuletee punda?"

Tangazo limetoka. Mchujo ni Jumapili ya kwanza ya Februari, na utafanyika hapa hapa, kwenye njia yetu wenyewe. Watachukuliwa wanawake wawili waende mbio za milimani kule Sikkim, jimbo la mbali huko mashariki, mwezi wa nne. Wawili! Nimeshajiona ndani ya ndege, dirishani.

Jumatano, 3 Desemba

Nyusi zangu zilikuwa nyeupe tuliporudi. Mama kasema nimezeeka kabla ya kuolewa.

Njia ni ile ile. Daraja, miti ya mipopla, ukuta wa mani wenye mawe ya sala, malisho ya juu, mnara mweupe, halafu kushuka kwa nyuma hadi nyumbani. Ukuta tunaupanda ukiwa mkono wa kulia, kama kila mtu. Bahati mbaya upande huo ndio kijito humwagika kila mwaka na kuganda. Upande wa pili ni mkavu, mzuri, lakini ule ni wa kushukia. Ndivyo mawe ya sala yanavyopitwa, hakuna cha kubishana.

Kila nyumba ina zamu yake ya kumwaga majivu ya jiko juu ya ile barafu ili wazee wasivunjike. Wifi anataka tukimbie kabla majivu hayajamwagwa. "Majivu ni ya wazee," kasema. "Wewe mzee?" Nimeanguka, nikainuka, nikaanguka tena. Yeye kapita. Hatua fupi fupi, mikono imeachia, macho mbele wala hayako miguuni. Nimejaribu kumwiga. Nikaanguka mara ya tatu.

Jioni amekaa na bisibisi, anakaza skurubu kwenye soli za viatu vyake vya zamani. Anazikaza zangu pia. Sikumwomba.

Jumamosi, 20 Desemba

Kesho Losar, mwaka mpya wetu. Ukuta wa jikoni umechorwa mbuzi wa mlimani kwa unga. Usiku ulipoingia tulitoka na mienge, tukaizungusha vichwani na kukimbia nayo hadi nje ya kijiji, tukaitupa ili mabaya ya mwaka yaende nayo. Mimi nilitupa njiani kwa woga wa nywele zangu. Wifi alikwenda mpaka mwisho kabisa, akarudi na bonge la barafu kifuani la kuweka ghalani kwa baraka, anacheka, koti limelowa.

Wanaume walimtazama. Mzee Otsal akasema yule si mtu, yule ni habari mbaya, jinsi inavyosafiri haraka. Nikajisikia fahari kana kwamba nimemzaa mimi.

Jumatatu, 29 Desemba

Theluji. Sikukimbia. Chang ya sikukuu bado iko kichwani. Wifi alikimbia.

Jumatano, 14 Januari

Mama leo kaamua kusema yaliyomkaa kooni. Wifi anavaa viatu, mama anasokota sufu, anaongea na sufu: "Zamani mke wa mtu akitoka mbio asubuhi, watu walijua nyumba inaungua."

"Haiungui, mama," kasema wifi. "Nimeshaweka chai jikoni."

"Na mguu ukivunjika, nimwambie nini mwanangu?"

"Mwambie ulivunjika ukipanda. Asidhani nilikuwa nakimbia nyumba yake."

Mama akauma mdomo asicheke. Nilipomwambia baadaye kwamba hakuna mwanamke bonde hili anayeshuka mlima kama wifi, akanijibu: "Usimsifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Sawa. Lakini soksi za wifi zilikuwa zimetundikwa juu ya jiko, mahali pazuri kuliko pote, na wifi mwenyewe alikuwa hajarudi kutoka zizini. Nani kazitundika? Mzimu?

Kule juu, chini ya mnara, nilimuuliza wifi kwa nini anajitesa hivi. Alifikiri. Kisha akasema maisha yake yote amekimbia na watu wale wale, mbuzi wale wale. "Nataka nijue kama mimi ni mwepesi, au ni nyinyi mlio wazito." Na akaongeza kwa sauti ndogo kwamba kaka akirudi wanataka mtoto. Kwa hiyo ni mwaka huu. Mwakani atakuwa na mwingine wa kumkimbilia.

Mimi na Sikkim yangu ya dirishani. Wawili, nilijiambia. Wanachukua wawili, tutakwenda sote.

Jumanne, 20 Januari

Kwa mara ya kwanza sikuanguka kwenye barafu! Wifi aligeuka, akaniona, akapiga makofi akiwa na glavu. Makofi ya glavu hayana sauti. Nimeyasikia hata hivyo.

Halafu akaniharibia siku: kuna Zakia, wa kijiji cha chini, alishinda mbio za mjini mwaka jana. Huyo ni kama ana nafasi yake tayari. Imebaki moja.

Nimekula bakuli mbili za supu kwa huzuni.

Alhamisi, 29 Januari

Mwamuzi mkuu amefika. Ni Meja mstaafu Rawat, mtu wa tambarare, mwenye adabu, goti bovu na masharubu. Kanywa chai ya siagi yote bila kukunja uso, na mama kampenda hapo hapo.

Mzee Otsal kamwonyesha njia nzima kwa kidole, kutoka darajani. Mimi na wifi hatuongei sana. Si ugomvi. Tunakula sahani moja na kila mmoja anajua mwenzake anafikiri nini.

Jumapili, 1 Februari

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Baridi ya kukata masikio, jua bado liko nyuma ya mlima. Meja akatutangazia: "Fuateni bendera. Anayeacha bendera ameacha mbio." Tukaitikia wote. Nani alijali bendera? Njia ni yetu.

Zakia akatangulia tangu darajani. Anakimbia kama mtu aliyetumwa na anataka kurudi mapema. Wifi nyuma yake, mimi nyuma ya wifi, wengine mbali. Nilikuwa mzuri leo, nasema kweli, sijawahi kuwa mzuri hivyo.

Tukafika ukutani. Bendera zilikwenda upande mkavu.

Jana jioni Meja alikuwa ameona kwa mbali kitu kinang'aa kama barafu na kuogopa tutavunjika, basi akaamuru zihamishwe, kwa nia njema. Mzee Otsal alimwambia "pale unapanda na ukuta" akaishia hapo. Nani angefikiri kumwambia upande gani? Ni sawa na kumfundisha mtu mzima kwamba chakula kinaingilia mdomoni.

Zakia alikuwa amepita penye bendera. Wao ni Waislamu, hawana deni na mawe yetu, hakuna wa kumlaumu. Wifi hakupunguza hata mwendo. Akakata kushoto, juu ya barafu, ukuta mkono wa kulia.

Mimi? Miguu yangu ilifuata bendera.

Mara ya kwanza maishani mwangu ukuta ule ukawa mkono wa kushoto. Niliona vibaya, kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha marehemu. Na hapo hapo nikafurahi, maana chini pakavu, na wifi yuko kwenye kioo. Nitampita. Nikakaza. Nikatazama juu ya ukuta kuona amebaki wapi, na kofia yake nyekundu ilikuwa pale pale, sambamba nami. Nikakaza tena. Kofia haikubaki nyuma. Haikuyumba. Mimi niko kwenye udongo na nakufa, yeye yuko kwenye barafu isiyo na hata chembe ya majivu na anapita tu. Sijapata kuona kitu kizuri kama hicho. Nilikuwa nataka ashindwe na wakati huo huo nilikuwa nataka kupiga vigelegele.

Tulitokea pamoja mwisho wa ukuta. Kanitazama: "Umepotea njia, wifi." Akapanda zake. Sikumwona tena mpaka mwisho.

Zakia wa kwanza. Wifi wa pili. Mimi wa tatu.

Mshika bendera wa pale juu alikuwa ameona wifi akitokea upande usio wake, akaripoti. Wifi hakukana. Kasema tu asingeweza kupita kwingine. Meja akakuna masharubu muda mrefu. Uamuzi wake ni huu: kama upande wa barafu ulikuwa rahisi zaidi, wifi amejipatia faida na anatoka. Kama ulikuwa mgumu zaidi, hakuiba kitu na nafasi ni yake. Kesho asubuhi atapanda akaone kwa karibu, kwa macho yake.

Akitoka wifi, nakwenda mimi.

Nyumbani mama hakuuliza nani kashinda. Alishapata habari. "Umepita ukuta kwa upande wa kushukia, unapanda?"

"Bendera, mama."

"Bendera ilikuzaa?" Akaniamuru nikauzunguke vizuri alfajiri, kabla sijatia kitu mdomoni. Wifi anakwangua masizi kwenye sufuria. Alipopita nyuma yangu akanipiga begani kidogo. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 2 Februari

Asubuhi. Naandika haraka.

Nilikwenda ukutani kama nilivyoamriwa. Nimeona haya kukutana na watu, lakini watu hawajaamka. Aliyekuwepo ni wifi, na ndoo ya majivu.

Mwezi umekamilika leo. Wazee wote wanapanda kuuzunguka ukuta. Na zamu ni ya nyumba yetu.

Alikuwa ameshafika kati. Nyuma yake barafu imekuwa kijivu, inakanyagika, njia nzuri ya mtu yeyote. Nikamwambia: "Wifi, acha. Meja hajaona."

"Ataona."

"Ataona majivu! Atasema ulipita barabarani."

Akaendelea kumwaga kwa mkono, taratibu, kama anavyotawanya chakula cha kuku. Nikamwomba aache hata kipande kimoja tu kitupu, Meja ateleze mwenyewe. Akaniangalia kama nimesema jambo la kitoto. "Na bibi Yangdol avunjike nyonga, mimi nipande ndege?"

Bibi Yangdol alikuwa anakuja kweli, fimbo na shanga, anahesabu sala. Mimi nikasogea kumpisha, nikakanyaga sehemu ambayo haijamwagiwa, nikaanguka mzima mzima. Goti limepasuka. Bibi akasema barafu ya mwaka huu ni mbaya, akapita juu ya majivu salama na kumwombea wifi watoto wengi.

Nilikaa pale chini. Nilijua ninachopaswa kufanya ili nikae kwenye kile kiti cha dirishani ndani ya ndege: nisifanye chochote. Niende nyumbani tu. Kisha nikaona mikono ya wifi imekuwa myekundu kwa baridi, nikachukua ndoo, nikamaliza kilichobaki. Mpaka mwisho. Hapakubaki hata sehemu ya kusimamisha kidole.

Sasa Meja amepanda na ameshuka. Buti zake zina majivu. Kamwambia mama, nimesikia kutoka huku chumbani, kwamba njia ile ni nzuri kabisa, hata goti lake limepita. Mama akaanza kumweleza zamu, wazee, mwezi. Meja akamkatiza kwa upole: "Mama, hapa kila mtu ni shangazi wa huyu mkweo. Nyote mtasema palikuwa pabaya." Akamiminiwa chai nyingine. "Nitamwamini mmoja tu, yule wa tatu. Alikuwa pale, na yeye ndiye atakayepata nafasi akisema palikuwa pazuri. Aniambie jana palikuwaje."

Basi imekuja kwangu yote.

Mlango uko wazi kidogo. Wifi anakanda unga, kanipa mgongo. Nywele zina majivu. Hajageuka hata mara moja, hajanikonyeza, hajakohoa. Angekuwa mwingine angekuja kunibembeleza. Huyu anakanda tu, kama vile Sikkim ni ya watu wengine.

Mama kaniita. Natafuta soksi safi, sioni. Kumbe zimetundikwa juu ya jiko, pale pazuri, kando ya zile za wifi.

Anaita tena. Haya, naja.