Mkono Chini ya Shuka

Kwa dada yangu, abaayo Ebla, Elwak.

Assalaamu alaikum. Natumaini umeamka salama wewe, watoto, mama yetu na ngamia, ingawa mama angewataja ngamia kwanza. Mimi hapa Garissa sura nzuri bado ninayo, na soko zima la mifugo linakiri hakuna dalali kama Hirsi. Shule niliiacha njiani, lakini wenye digrii wananiita mwalimu.

Daud dereva wa lori ameniambia unapakia ngamia niwauze, binti yako Kowsar aingie chuo. Abaayo, usipakie kwanza.

Mwezi uliopita Wako, yule Mborana wa Wajir, alinikabidhi fahali wake nimuuzie. Tukaingiza mikono chini ya shuka, mimi na mnunuzi, tukataja bei kwa kubanana vidole, wambeya wasijue. Ghafla moyo ukanipiga kama jenereta bovu, jasho likanitoka, vidole vikatetemeka. Mnunuzi akadhani nimeshusha bei, akaukaza mkono wangu, na sokoni mkono ukikazwa biashara imeisha. Wako akaniuliza nimelishwa nini. Nikacheka, nikasema ni kahawa.

Si kahawa. Usingizi ulinihama tangu kiangazi. Nilidhani ni jini. Sheikh akanisomea, kisha yeye mwenyewe akanituma hospitali. Nikadhani ni moyo. Wakaupima, wakasema huo ungemfaa farasi. Ndipo nikapelekwa kwa Fatumo, muuguzi wa magonjwa ya akili. Akanieleza kwamba hofu ni ya kila mtu: fisi akija unaogopa, akienda inakwisha. Yangu inabaki hata fisi hayupo, na hofu ikishakula usingizi na kazi ya mtu, huo ni ugonjwa, nao unatibika. Nikamwambia wanaume wa kwetu hawaugui hivyo. Akasema nitazame foleni nje.

Sasa ukweli, abaayo. Tangu siku ya fahali sijauza hata mbuzi. Nafika lango la soko, miguu inakataa, narudi nyumbani nikiwaambia watu nina safari. Kwa hiyo ngamia mpe dalali mwenzangu Bulle. Mdomo wake hauna utamu, lakini mkono umetulia. Mimi siku ya soko niko kliniki. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu ningekuchekesha, nawe ungewapakia.

Mama mweleze wewe, polepole, kwamba sina jini. Kowsar naye mwambie asomee kazi ya Fatumo. Wateja tupo.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Hirsi