Bomba la Jikoni kwa Mama

Kikoneni, Kwale.
16 Machi 2025.

Mpendwa kaka Garama,

Shikamoo. Natumaini mko salama huko Kitale, wewe, wifi Teresa na mwanetu Ziro. Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi hatujambo. Mvua haijaja. Mchana wa hapa ni mrefu na wa kusinzia, hata kuku wanatembea kama waliosahau wanakokwenda.

Najua unachotaka kuuliza kwanza. Ulisema kama moshi hautakuwa umetoka jikoni kwa Mama kabla ya Pasaka, utakuja kumchukua akakae kwako, kwa ajili ya kifua chake. Sikukulaumu, daktari naye alisema hayohayo. Lakini tangu siku ile Mama alianza kuvigusa vitu vyake kimoja kimoja, chungu, kinu, mlango, na mimi roho ikaniuma.

Basi nilimwita fundi Chome kutoka Ukunda. Jiko la kuni alilijenga kwa siku moja. Dohani ya kutolea moshi ndiyo iliyomchelewesha: bomba ndani ya bomba, katikati hewa tupu, ili bati la nje lisipate moto wa kuchoma makuti. Alipima kutoka shingo ya jiko mpaka juu ya paa, akaongeza vidole vinne kwa kila kiungo kwa sababu kipande kimoja huingia ndani ya kingine, kisha akakata. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikimtazama, nikapitiwa na usingizi. Niliota tungali wadogo, tunarudi kutoka shule, na moshi unatoka kwenye kila tundu la paa, nyumba inapumua.

Kosa lilikuwa letu. Kabla bomba halijasimamishwa tuliwaita majirani waje kuezeka upya, na wewe unawajua watu wetu. Kila aliyekuja alikuja na makuti yake, jirani yetu Mwanarusi peke yake alileta thelathini, na zawadi ya mtu hairudishwi. Yote yakapanda juu. Paa likanenepa kama godoro, na Chome alipoliinua bomba, mdomo wake uliishia ndani ya makuti. Ukiwasha hapo, umeichoma nyumba.

Chome alishauri tupunguze. Mama akamwambia, "Hata kuti moja halitoki, mwanangu. Nitawatazamaje walioniletea?" Akarudi kwenye mafiga yake na moshi wake, akakohoa wiki nzima. Mimi nikaanza kumkunjia leso zake za safari huku nikilia. Sikufichi, kaka.

Jumatano Chome alirudi na kipande kingine cha kuta mbili, kinachoteleza juu ya kile cha kwanza na kukazwa kwa mkanda wa chuma, kwa hiyo urefu unauchagua mwenyewe. Alikivuta mpaka mdomo ukapita kilele cha paa kwa zaidi ya mkono mzima, na palipotokea bomba akazungushia bati ili makuti yakae mbali. Tukawasha. Moshi ulipanda uzi mmoja, mweupe, na Mama alitoka nje akasimama akiutazama hadi uji ukaungua.

Leo alfajiri niliamka nikasikia kimya. Unakumbuka kikohozi chake ndicho kilichokuwa kikituamsha miaka yote. Nilikimbia jikoni miguu mitupu, nikidhani mabaya. Nilimkuta ameketi mbele ya jiko, anachochea kuni. Akaniuliza, "Unakimbia nini, Rispah?" Nikaketi kando yake, nikamsogezea kuni.

Msalimie sana wifi, na Ziro mwambie bibi yake amemwekea korosho. Mjomba Mwinga na Mishi wanakusalimu. Pasaka njoo, ila njoo kula tu. Lile sanduku ulilomletea la safari Mama ameshalijaza mbegu za mahindi, anangoja mvua.

Mungu akulinde uendako na urudiko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Rispah