Kreti la Tani Elfu Moja

Barani, Malindi
Jumapili, 19 Oktoba 2025

Kaka yangu Salman,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na wifi yangu Zeina na watoto, na kwamba joto la Maskati sasa limepungua mnaweza kufungua madirisha. Sisi huku hatujambo. Baba naye hajambo, alhamdulillahi. Anakula, analala, anagomba, na jana alirudisha uji jikoni akasema umepikwa na mtu asiyempenda. Aliyeupika ni mimi.

Barua hii anakuletea Yaseen wa nyumba ya tatu, anayesafiri Alhamisi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu tangu nilipokwambia kwamba Baba amekatwa mguu hupokei simu zangu, na hata ulipokuwa ukizipokea, hukunipa nafasi ya kumaliza neno. Karatasi huwezi kuikatiza, kaka. Isome mpaka mwisho, kisha ugombe utakavyo.

Kabla hujakata simu siku ile, uliniuliza ni nani aliyempa mtu ruhusa ya kumkata Baba mguu, ukasema nimemlazimisha mzee wa watu. Basi nitakueleza ilivyokuwa, na utaniwia radhi nikianza na kompyuta yako, maana taabu yote ilianzia hapo.

Wewe uliileta mwaka jana ukasema Baba apate cha kumshughulisha, asikae kutwa akiuangalia mguu wake wenye kidonda. Ukamwekea mchezo ule wa kuunda roketi, kwa kuwa alifanya kazi Ngomeni miaka kumi na sita, akiendesha winchi ya kupandisha mizigo kutoka mashuani hadi juu ya majukwaa ya kurushia roketi baharini. Ukamfundisha siku mbili, ukapanda ndege ukaenda zako. Mimi ndiye niliyebaki na roketi, kaka. Chumba cha wageni kikawa uwanja wa kurushia. Feni ya ile kompyuta ikaunguruma tangu baada ya adhuhuri mpaka magharibi, na mgeni akija hana pa kukaa.

Roketi ndogo zilimchosha upesi. Mwezi wa pili tu alisema hizo ni fataki za harusi, yeye alikuwa mtu wa mizigo. Akakaa na kalamu akipiga hesabu ya kila kitu alichowahi kupandisha na winchi yake miaka yote ile, akapata tani elfu moja na ushei. Akatengeneza kreti moja la uzito huo, akasema litakwenda juu siku moja, safari moja, likae huko likiizunguka dunia lisianguke. Nikamwuliza ni la nini. Akaniambia nisimwulize maswali ya kitoto.

Yarabi, hujaona vituko! Roketi ya kwanza haikuruka kabisa, ilijiponda palepale kwa uzito wake. Ya pili iliinuka kimo cha mnazi ikapinda kiuno. Akiongeza injini, injini zinataka mafuta. Akiongeza mafuta, mafuta yana uzito, na uzito unataka injini. Akafunga matangi ya pembeni, akafunga vyuma vya kushikilia matangi, akafunga vyuma vya kushikilia vyuma, mpaka lile dude likawa na vipande elfu mbili na kompyuta ikashindwa kulibeba. Dakika moja ya roketi ikawa dakika nane za kwetu. Nikimwita chakula, ananiambia yuko sekunde ya sabini. Ugali umepoa, mchuzi umeganda, yeye yuko sekunde ya sabini na mbili!

Huku mguu nao una habari zake. Kidole kilichokuwa na kidonda kikawa cheusi, kisha cha pili. Unamkumbuka nesi Vivian, aliyekuwa akija kumfunga kidonda kila jioni. Yeye ndiye aliyenishika mkono uani akaniambia nisijidanganye. Tukampeleka Kilifi, na daktari akasema bila kuzunguka kwamba mguu ukatwe chini ya goti, ndani ya wiki mbili, ama sumu itapanda na hatutakuwa na la kukata. Hayo yote nilikwambia kwenye simu. Baba akasema hakatwi. Alizaliwa mzima na atazikwa mzima, kando ya marehemu mama, Mambrui.

Na wewe, kaka, ulisema nini? Ulisema tungoje. Ulisema kuna mtu hapo Maskati mguu wake ulikuwa mbaya zaidi na akapona kwa asali. Ukatuma chupa nne. Walahi nilitamani kuzivunja ukutani, lakini nikampaka, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na Baba anakusikiliza wewe. Sisimizi wakaja, harufu haikuondoka. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo.

Nilimsihi. Ami Abdillahi alikuja kutoka Mambrui akamsihi. Vivian naye akamsihi, na siku ile ilikuwa balaa tupu, maana roketi ya thelathini na nane ilikuwa imetoka kuanguka. Hii ilikuwa imefika juu kweli. Iliishiwa mafuta ikibaki kidogo tu iwe imeshika mzunguko wake. Vivian, aliyekuwa amezijua roketi kuliko mimi kwa kumngoja Baba amalize kurusha ndipo amfunge kidonda, alimshauri alipandishe kreti kwa vipande, safari kumi, aliunganishe hukohuko juu, kama wanavyofanya wengine. Baba akafoka. Akasema miaka kumi na sita hakuwahi kufungua kreti njiani ili apunguze uzito, na hataanza sasa. Kisha akageuza kiti, akatutazama sisi sote watatu, akasema haya, tumemchosha, na anaweka nadhiri mbele yetu: siku kreti lile litakapokaa angani, zima, kwa safari moja, siku hiyohiyo ataita gari la Kilifi wakamkate.

Ami Abdillahi alikasirika, akasema nadhiri haichezewi. Baba akamjibu kwamba hachezi.

Wewe unajua nadhiri kwa Baba ni kitu gani. Aliweka moja nilipougua surua na akachinja mbuzi wakati sisi wenyewe hatuna cha kula. Kwa hiyo tangu saa ile, mimi Raihana binti Mahadhi, mshonaji wa mabuibui, nisiyeweza hata kubadilisha balbu, nikawa fundi wa roketi. Oda za watu zikalala mashineni. Nilitazama video za vijana wa Kihindi na Kizungu wakieleza namna ya kuinamisha roketi mapema isipoteze nguvu bure. Nikachora. Baba akavikosoa vyote nilivyochora. Tukarusha ya thelathini na tisa, ya arobaini, ya arobaini na moja, na kila moja ikaishiwa palepale, karibu na mwisho, na mimi nikatoka nje nikalia kwenye kamba ya nguo. Nani alishawahi kulilia mafuta ya roketi isiyokuwepo? Homa ikamshika Baba Jumapili. Weusi ukavuka kifundo cha mguu Jumatatu. Ulipiga simu Jumatatu hiyo ukauliza kama asali inasaidia.

Sasa soma hapa taratibu, kaka, maana hapa ndipo nilipokosa, na sijamwandikia wala kumwambia mtu mwingine.

Jumanne, Baba alipokuwa akiswali alasiri kitandani, niliketi kwenye kompyuta. Mchezo ule una mahali pa kubadilisha kanuni zake, pa watu wasio na subira. Pana kisanduku kidogo, ukikitia alama mafuta hayaishi. Nikakitia alama. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha. Nilimdanganya babangu mzazi, tena kwenye nadhiri aliyoiweka kwa Mola wake, wakati uleule anaswali. Kisha nikamwita, nikamwambia nimeongeza tangi moja, tujaribu tena.

Akaja amejifunga shuka, homa imemjaa machoni. Akarusha mwenyewe. Lilipanda polepole kama kawaida yake, likapita mawingu, akaliinamisha, na dakika arobaini nzima hakutoa jicho kwenye kioo. Vivian alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa bandeji. Kreti likafika, likashika mzunguko, likakaa. Mimi nilijitia kupiga vigelegele. Baba akasema alhamdulillahi, akamwambia Vivian awapigie Kilifi awaambie anakuja, na mimi nimtolee kanzu nyeupe. Usiku ule tayari alikuwa wodini, na asubuhi wakamkata. Daktari alisema tungekawia siku mbili, tungekuwa tunazungumza mengine.

Mguu walinipa umefungwa. Nikamwachia Ami Abdillahi, akaupeleka Mambrui akauzika kwa sanda yake, karibu na mama. Baba alipozinduka hilo ndilo la kwanza aliloulizia, na alipojibiwa akatulia.

Mimi sikutulia. Nilifunga siku tatu kwa wasiwasi wangu mwenyewe, bila kumwuliza sheikh, kwa kuogopa atakachonijibu. Siku ya nne, pale pale kando ya kitanda chake, nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu kisanduku, nikamwambia nadhiri yake haikutimia, nimeitimiza kwa uongo, anisamehe au anilaani, vyovyote, lakini nisingeweza kukaa kimya.

Kaka, hakushtuka. Aliniuliza kama ninadhani mtu aliyekaa mbele ya geji za winchi miaka kumi na sita anaweza kukaa mbele ya geji ya mafuta dakika arobaini asione kwamba haishuki. Alijua tangu matangi ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini basi alikwenda. Akasema alikuwa ameshachoka kukataa, siku nyingi, lakini sisi wote tulikuwa tukimsihi tu, na yeye akisihiwa hawezi kukubali, ndivyo alivyoumbwa. Alitaka kuamriwa. Na wa kumwamuru alikuwa mmoja.

Alisema kila ulipopiga simu alikuwa akiniambia niiweke kwenye spika, ili ukisema aende, sote tuwe tumesikia na yeye asiwe na njia ya kurudi nyuma. Neno moja lako lingetosha. Alilingoja wiki mbili. Jumatatu ile yenye homa, ulipouliza habari ya asali, alikata tamaa na wewe, na Jumanne, alipoiona geji haishuki, akajua kwamba yuko mtoto mmoja aliyethubutu.

Alinikataza nisikwambie. Akasema uko mbali, una hofu zako, usitwishwe hili. Kwa hiyo hata hapa nimemwasi, mara ya pili mwezi huu. Nilitaka niyanyamazie, walahi, mpaka ulipoacha kupokea simu ukidhani unaniadhibu mimi. Humwadhibu mwingine ila Baba, Salman. Kila jioni ananiuliza kama umepiga, nami namwambia mtandao mbaya. Huu nao ni uongo, nao anaujua.

Sikuandika ili nikuumize. Najua kwa nini ulisema tungoje: uliogopa kwamba akifa chini ya kisu, neno litakuwa lako nawe hukuwapo. Hata mimi niliogopa. Tofauti ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiinusa ile harufu. Hayo yamepita. Sitaki uombe radhi, wala usitume asali. Mpigie Baba. Usimwulize mguu, usimwulize roketi. Mwamrishe jambo, lolote, hata kama ni kula uji wangu.

Wifi Zeina mpe salamu zangu nyingi, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba ya shangazi yao. Ami Abdillahi anakusalimu, na Vivian pia. Baba hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake kazichukue mwenyewe kwa simu, baada ya alasiri, anapokuwa macho.

Wabillahi taufiq.

Nduguyo akupendaye, aliyekuudhi na uliyemuudhi,

Raihana