Kofia ya Sherifu na Antena ya Kipyego

Jumapili, 25 Oktoba 2009

AMEVUA KOFIA! Misimu sita ya tamthilia yetu ya TV, Sherifu Amos hajawahi kuivua — hata kanisani, hata akiwa na risasi begani — na leo amesimama mbele ya Mama Hoteli, akaivua. Kipara! Kinang'aa kama sufuria mpya. Nilipiga kelele mpaka mama yangu akatoka jikoni na mwiko, akauliza nani amekufa. Hakuna, Mama. Mapenzi tu.

Palepale nikamwandikia SMS Wacera, rafiki yangu aliyehamia Nakuru. Akajibu: NILISEMA!!! Kweli alisema, tangu 2006, akiwa amekaa hapa hapa mtaani kwetu West Indies, kwenye kiti cha Mama, miguu juu. Majirani miaka kumi na moja. Sasa tunatazama pamoja kwa simu.

Vipindi viwili tu vimebaki. Jumapili zangu nitazifanyia nini?

Jumanne, 27 Oktoba

Wapenzi ninaowashabikia msimu huu. Kwanza, Amos na Mama Hoteli, bila shaka. Halafu Mama Hoteli na punda wake. Halafu — usijicheke, Jebet — Obed na Rufus, wale wazee wawili. Msimu wa kwanza Obed alichoma ghala la Rufus. Hawasemezani mpaka leo, lakini kila asubuhi Obed anamtekea maji, anaacha ndoo mlangoni, anaenda zake. Mimi hulia kila mara!

Wacera hampendi Obed. Anasema ndoo si ghala. 

Jumapili, 1 Novemba

Upepo! Picha inaenda, inarudi. Kaka yangu Kipyego nje, ameshika mlingoti wa antena kama kawaida. Misimu yote sita ameisikia. Kuiona, labda miwili. Zamani Wacera alikuwa akimsimulia kupitia dirisha — ameshuka farasi, amechomoa bastola — na mengine anatunga. Kipyego mpaka leo anaamini Rufus ana mguu wa mbao! Sijawahi kumwambia ukweli.

Alhamisi, 5 Novemba

ANAKUJA!!! Baba yake Wacera, Mzee Simeon, anamtuma aangalie shamba lao la Kiplombe, na Jumapili atapita kwetu. Kipindi cha mwisho, kiti kile kile! Nimecheza peke yangu jikoni.

Kisha SMS ya pili. Kipyego atakuwepo?

Januari ile ya mwaka jana, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, lori la akina Wacera lilipokuwa linaondoka na magodoro, vijana walikuwa wameziba barabara kwa mawe. Kipyego alikuwa kati yao. Hakurusha kitu. Aliangalia chini. Wacera alimwona kutoka juu ya lori.

Nimemwambia Kipyego. Amesema Jumapili ataenda Sugoi kwa mjomba. Nikauliza, na antena itashikwa na nani? Akatoka kwenda kukaza waya wa mlingoti.

Nikamjibu Wacera: Yupo. Hilo tu.  Nimefua vitambaa vya viti mara mbili.

Jumapili, 8 Novemba

Amekuja! Amenenepa, sketi ya kijani, amenibeba juu mpaka kiatu kikanitoka. Mama analia na kucheka, amemwaga maziwa ya mursik mezani. Kipyego akanyoosha mkono. Wacera akamsalimu Mama mara ya pili, akapita, akakaa. Kipyego akatoka kushika mlingoti. Mvua inaanza.

Matangazo — naandika haraka! Amos amemchumbia Mama Hoteli, kofia mkononi!!! Tumepigana kwa mito ya kochi. Na Rufus ni mgonjwa, Obed ameleta ndoo, na kwa mara ya kwanza mlango uko wazi —

Picha ikapotea hapo hapo! Mama anapiga kelele, lakini mvua iko kwenye mabati, nje hakusikiki kitu. Wacera akainuka. Akafungua dirisha.

"Kipyego! Kushoto kidogo. Hapo. Usisonge."

Picha ikarudi. Yeye hakurudi kukaa.

"Obed ameingia," akasema. "Anaenda polepole."

"Na Rufus?" Kipyego akauliza kutoka nje. "Ataweza kusimama na ule mguu?"

Wacera akainama nje ya dirisha, mvuani.

"Hana mguu wa mbao, Kipyego. Nilikudanganya. Miguu yake iko sawa, yote miwili."

Picha imepotea tena. Kipyego ameachilia mlingoti, amesogea dirishani. Mama hapigi kelele. Naandika nikiwa sakafuni, nisimwangalie mtu. Wacera bado yuko dirishani, mikono ameinyoosha nje kwake, imelowa mpaka kwenye viwiko, na dirisha hajalifunga.