Mita Nyuma ya Mlango Wangu

Kwa Baba yangu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limekuachia nafasi ya kwenda msikitini kwa miguu yako mwenyewe. Mama je, kikohozi kimeondoka? Na mpunga wa bondeni mmeuvuna, au bado ndege wanakula kuwazidi nyinyi? Mimi mwili ni mzima. Hapa Kolwezi mvua zimeanza, vumbi jekundu limegeuka tope jekundu, na malori ya madini yanapita kutwa kama kawaida yake.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, simu yenu pale nyumbani ni redio. Ikilia tu Mama anaiweka kwenye spika, na kabla sijamaliza salamu nasikia watu sita wananiitikia. Nilicho nacho safari hii siwezi kukisema mbele ya watu sita. Barua nimempa dereva mwenzangu anayepanda mpaka Kongolo, naye huko atatafuta mtu wa kuileta Kasongo. Isome peke yako kwanza.

Ni habari ya samaki wa mama mdogo. Alikwambia kwenye simu kwamba samaki wake wameoza kwa sababu umeme ulikatwa mtaa mzima. Ukampa pole, halafu ukaniombea dua mimi, kwa kuwa namtunza mjane wa ndugu yako. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Niliisikia dua yote mpaka amina, na sikufungua mdomo. Nina aibu, Baba.

Nianzie kwenye mita. Nyumba ya marehemu baba mdogo unaijua: ile ya matofali, kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, kuta nene, nyaya zimevishwa kitambaa ambacho panya walishakila. Miaka yote umeme ulikuwa unalipiwa kwa karatasi ya mwisho wa mwezi. Sasa wakasema kila nyumba iwekewe mita ya kulipia kabla. Unanunua namba kwenye kibanda, unazibonyeza kwenye mita, taa zinawaka. Namba zikiisha, giza.

Fundi wa mita alikuja na ngazi yake begani, mtu mpole asiye na haraka. Akazunguka nyumba akigonga kuta kwa vidole. Ukuta wa jikoni akaukataa, una unyevu. Pakabaki mahali pawili: barazani, pale waya unapoingia kutoka kwenye nguzo, au chumba cha mbele, ambako waya huohuo unapita. Barazani ndipo friza ya mama mdogo ilipo, ile anayouzia samaki wa barafu, hawa wanaoitwa tomson. Chumba cha mbele ndicho ninacholala mimi. Kilikuwa chumba cha baba mdogo, na nilipofika hapa mama mdogo mwenyewe alinipa, yeye akahamia kile kidogo cha nyuma.

"Mutie hapa ku barza, tata," mama mdogo akamwambia fundi. "Njo mi nashinda hapa na samaki yangu. Nitaangalia namba bila kusumbua mutu."

Nikamkatiza. "Ku barza bataiba. Na mvua itaipiga."

Fundi akasema kuna kisanduku cha chuma chenye kufuli, mvua haiingii na mwizi atahangaika. Halafu akafungua daftari lake akauliza, "Mwenye nyumba ni nani hapa? Njo yeye anachagula."

Nikajibu, "Njo mimi," yaani mwenye nyumba ndiye mimi.

Mama mdogo alikuwa amesimama na kisu cha kuparia samaki mkononi. Alinitazama, akainama, akaendelea kupara magamba. "Basi, batie kwake," akasema. Na mita ikafungwa kwenye ukuta wa chumba changu, skrubu nne, juu ya kitanda.

Wezi walikuwa kisingizio tu, Baba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kupenda kuulizwa. Madereva wenzangu wananiita patron, yaani bosi, majirani wananiita Papa Shabani, na mimi kichwa kikavimba. Nilitaka mtu akitaka mwanga katika nyumba ile agonge mlango wangu kwanza.

Na nilikuwepo matangani kwa baba mdogo, nakumbuka kila kitu. Nakumbuka ndugu yenu Baba Ramazani alivyonyoosha mkono akitaka funguo za nyumba, eti mali ya marehemu irudi kwa ndugu zake, kama ilivyozoeleka kufanyiwa wajane huku na huko. Ukasimama mbele ya waombolezaji wote ukasema mwanamke huyu hatatoka, na funguo hazitatoka mkononi mwake maadamu anapumua. Ulinituma mimi nikae naye ili asije mtu kumsumbua. Sasa ona aliyemsumbua ni nani.

Wiki za mwanzo alikuwa anagonga na kikaratasi chake cha namba, mimi nabonyeza. Nikawa namtania kama karani wa ofisini, "Karibu ku bureau, mama," naye anacheka. Leo nadhani alikuwa anacheka ili nisione haya.

Ndipo nikapata safari ya Sandoa, lori limejaa sabuni na chumvi. Nikamwambia mama mdogo ni siku mbili tu. Nikafunga chumba, nikatia ufunguo mfukoni kwa mazoea, nikaondoka. Wala sikufikiria mita. Njiani mvua ikatupiga, lori likazama mpaka kwenye ekseli, tukachimba, tukakata matawi, tukachimba tena. Mtandao hakuna. Siku mbili zikawa tano.

Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa na Mama Chantal, jirani wa upande wa kulia. Namba ziliisha siku ya pili asubuhi, na friza ilikuwa imejazwa jana yake. Mama mdogo hakuchelewa hata kidogo, alikwenda kibandani akanunua namba akarudi nazo mkononi. Mlango umefungwa. Mume wa Mama Chantal akaleta mtarimbo, akasema kitasa kile ni cha kusukuma mara moja tu.

"Hapana," mama mdogo akamwambia. "Ni chumba ya mutoto. Batasema nini kule Kasongo, mi nabomoa mulango ya mutoto yabo?"

Chumba alimofia mumewe, Baba. Akafunika friza kwa mablanketi yake yote, akakaa kando yake akisubiri. Siku ya tatu akawagawia majirani samaki waliokuwa bado wanalika. Waliobaki aliwachimbia shimo nyuma ya choo.

Niliporudi nilipata harufu kabla sijafika getini. Nilimkuta anasugua friza kwa majivu na ndimu, kanga ameifunga kiunoni. "Karibu, Shabani," akasema. "Barabara ilikuwa mubaya?" Akanitengea maji ya kuoga. Nilipofungua chumba nikakanyaga karatasi. Alikuwa ameisukuma chini ya mlango kwa ufito wa ufagio, ili nikiingia tu nizibonyeze, na namba zote ameziandika upya kwa mkono wake, kubwakubwa, kwa kuwa anajua macho yangu hayaoni vizuri herufi ndogo.

Kesho yake ndipo ukapiga simu, naye akasema, "Balikata courant mu quartier muzima, shemeji." Ulipokata simu nikamuuliza kwa nini amesema vile. Akaifunga simu ndani ya kanga.

"Baba yako alisimama mbele ya batu juu yangu," akasema. "Mi siwezi kumwikalisha chini na haya."

Nilitoka nje nikaenda kuangalia tairi za lori ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Nililia, Baba. Sikuficha, watu walinipita wakaniona.

Fundi nilimwita tena. Alinuna kwanza, akasema mita ikishafungwa haihamishwi kwa matamanio ya mtu, lazima mwenye nyumba aweke sahihi. Akafungua daftari akauliza swali lake lilelile. Nikamwonyesha mama mdogo kwa mkono. "Njo ule." Fundi alinitazama sana. Mama mdogo akavuta kigoda chake, akakaa, akanyoosha kidole ukutani pale macho yake yalipofika, chini kuliko fundi anavyopenda. Ikafungwa palepale barazani. Ufunguo wa kisanduku anao yeye, ameufunga kwenye pindo la kanga. Juu ya kitanda changu yamebaki matundu manne, na sijayaziba.

Nimemletea samaki wengine kwa lori langu. Alishukuru, lakini friza ameijaza nusu tu.

Sasa ombi langu. Ukishaisoma peke yako na hasira zikapungua, waite wote walioisikia ile dua, uisome kwa sauti. Mwite na Baba Ramazani. Atacheka, atakwambia alijua, na utaumia, nami ndiye niliyekuletea maumivu hayo. Lakini mama mdogo asibaki na uongo alioubeba kwa ajili yetu. Mwambie Baba Ramazani kwamba kile alichonyimwa yeye hadharani, mimi nilikichukua kimyakimya kwa skrubu nne. Na waambie siku zile tano mtaa mzima ulikuwa na umeme.

Nisalimie Mama, na dada yangu anayekaribia kujifungua, na Maalimu aliyenishikisha msahafu, ingawa kwake naona haya zaidi. Dua yako usiniondolee kabisa, ila safari hii mtangulize mwenye nyumba.

Ni mimi mwanao Shabani,
ninayekaa kwa mama mdogo.