Mteja Ameniletea Buti za Mwanangu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi pokea salamu za mtu mzima aliyechoka. Naomba unisaidie, maana jambo lililonipata siwezi kumweleza mke wangu, na mafundi wenzangu nikiwaambia watalifanya hadithi ya kijiweni. Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kimeegemea ukuta wa duka la dawa, na ukurasa wako huwa nausoma kwenye magazeti ya zamani ninayofungia wateja viatu vyao, kwa hiyo majibu yako yananifikia yamechelewa, lakini safari hii nitanunua gazeti jipya.

Tulikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, naye alikuwa askari wa miguu. Aliingia jeshini akiwa na miaka ishirini na vita vikaanza hajamaliza hata mwaka. Akipiga simu alikuwa anacheka, anasema baba, kazi yetu sisi ni kutembea, risasi ni siku moja moja, lakini kutembea ni kila siku. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mpana kuliko wa kulia tangu utotoni, na buti alizopewa zilimchubua mpaka akawa anachechemea, basi alipopata likizo ya siku nne akaja nazo kibandani. Nikatanua la kushoto kwa lile guu la mbao tunalotanulia viatu, nikabadilisha soli, na soli za ndani nikazikata kwenye mkoba wa zamani wa mama yake, ngozi ya kahawia, laini, ambayo mama mwenyewe aliitoa bila kuulizwa mara mbili.

Kazi ile ilikuwa ya nusu siku, mshauri. Mimi nikamwambia njoo kesho. Kesho yake nikamwambia gundi haijakauka. Akakaa kwenye stuli ya wateja, peku, anachezesha vidole, akaniambia, "Baba, hata mimi unanifanyia mambo ya njoo kesho?" Nikamjibu mteja ni mteja. Ukweli ni kwamba alipanga kuondoka siku ya tatu asije akachelewa kuripoti, na mimi nilijua bila buti hawezi kwenda popote, kwa hiyo hiyo siku ya nne niliiba mimi, abaki nasi. Akaondoka siku hiyo mbio mbio, kamba hajazifunga vizuri, na hatukumwona tena.

Miezi mitano baadaye walikuja maafisa wawili na bahasha na mfuko mdogo. Barua ilisema ameuawa akitekeleza wajibu wake na amezikwa huko huko pamoja na wenzake. Ndani ya mfuko kulikuwa na saa, kitana, fulana mbili na picha yetu watatu. Mama yake akawauliza swali moja tu, amezikwa na viatu au peku, maana tangu mdogo yule mtoto hakuweza kukanyaga sakafu ya baridi, alikuwa anavaa ndala zangu hata kwenda kunywa maji. Wakatazamana, hawakujua. Niliwasindikiza, niliporudi nikamwambia mke wangu kwamba mmoja wao kanihakikishia huko nje, amezikwa na buti zake. Hakuna aliyenihakikishia kitu. Lakini mke wangu akanywa chai, kitu cha kwanza tangu asubuhi, na mpaka leo usiku wa baridi husema, angalau miguu yake haina baridi.

Sasa wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, akaja kijana mmoja mwembamba, nywele amezikata kijeshi, ana buti kwenye mfuko wa plastiki. Akaniamkia vizuri akasema nizitazame soli. Nilipozigeuza nikauona mshono wa kisigino. Kila fundi anaujua mshono wake, na mimi wa kisigino naumalizia kwa mafundo mawili upande wa ndani, miaka thelathini sasa. Hata hivyo nikajiambia labda ni viatu vya mteja wa zamani, nikaichomoa soli ya ndani, na kwa chini nikaona ngozi ya kahawia yenye matundu mawili, pale palipokuwa na kifungo cha mkoba wa mke wangu. Buti la kushoto lilikuwa limejazwa vitambaa ili limkae. Nikamtazama yule kijana nikataka kumkaba nimuulize, umemvua mwanangu, na ulimvua akiwa amekufa au bado anapumua. Badala yake mdomo ukasema wenyewe, njoo kesho. Akatabasamu, akasema, "Nilijua tu utasema hivyo, mzee."

Ameshakuja mara kumi na moja. Soli zenyewe, nikwambie ukweli wa kazi, zina miezi sita mingine. Namwambia uzi umeisha, namwambia sindano imevunjika, na yeye hagombi, anakaa kwenye stuli nusu saa, ananitazama nikishona viatu vya watu wengine, halafu anaondoka na ndala zake. Juzi alianza, "Mzee, kuna kitu nataka..." nikagonga nyundo nisimsikie.

Buti ziko chini ya meza, ndani ya boksi. Wateja wakipungua naingiza mkono ndani ya lile la kushoto. Soli ya ndani imeshika alama ya mguu wake, unahesabu vidole vyote vitano, na kidole gumba ni kile kile kilichokuwa kinatoboa soksi zote tulizomnunulia. Mke wangu akiniletea chakula nalisukuma boksi kwa mguu. Hamu ya mwanangu inanila, mshauri, sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nikizirudisha buti hizi, nabaki na nini? Nikizificha, mimi ni mwizi, na katika kazi hii sijawahi kupoteza hata kamba ya kiatu cha mtu. Na nikimwambia mke wangu, atajua mwanetu yuko peku huko alipo, na kwamba nilimdanganya. Nifanye nini?

Fundi viatu, baba wa mmoja

Mshauri anajibu:

Marahaba, fundi. Nimekuzidi, nina wajukuu wanne, kwa hiyo utanivumilia nikikusema.

Kwanza pole. Pole kwa mtoto, na pole kwa kukutana naye ndani ya mfuko wa plastiki asubuhi ya siku ya kazi. Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikaiacha katikati nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Sasa tusemezane. Una jicho la kuona mafundo mawili ndani ya kisigino, lakini kijana mzima aliyekaa mbele yako mara kumi na moja hujamwona. Sandali zangu mimi ziko kwa fundi tangu mwezi wa pili, na fundi huyo akisikia sauti yangu anajifanya ana simu. Hakuna mteja anayeambiwa njoo kesho mara kumi na moja, kwa soli ambazo hazijaisha, akabaki anatabasamu. Huyo hakuja kwa ajili ya soli. Na hilo neno "nilijua tu" amelitoa wapi? Mimi nadhani alisimuliwa, tena na mtu aliyewahi kukaa peku kwenye stuli hiyo hiyo. Naweza kuwa nimekosea, simjui. Lakini mafundi wako kila kona, na mtu aliyeiba viatu vya marehemu hawezi kupita kona zote hizo ili avipeleke kwa baba wa marehemu.

Alizipataje, sijui. Huenda mwanao alimpa. Huenda alimvua baada ya kufa, kwa sababu yeye alikuwa peku na alikuwa bado na njia ya kutembea. Utakachosikia kinaweza kukuumiza vibaya, sikufichi. Lakini huyo ndiye mtu pekee uliyempata anayeweza kukwambia mwanao aliishije siku zake za mwisho, na wewe umemgongea nyundo.

Halafu mkeo. Ulimdanganya kwa huruma, nakuelewa, mimi pia ningeshawishika. Lakini mkoba ulikuwa wake, na ngozi yenye vidole vya mwanawe ni yake. Unaingiza mkono humo peke yako kila siku, halafu yeye akija na chakula unalisukuma boksi kwa mguu. Hapo umenikasirisha, fundi. Atalia, na atakununia, pengine wiki nzima utawekewa chakula bila neno. Kula, unyamaze. Siku moja atamkuta kijana yule kibandani na yote yatatoka, na ni afadhali ayasikie kwako kuliko kuyakuta kwenye stuli.

Kwa hiyo leo hii, ukimaliza kusoma, funga kibanda mapema. Beba boksi mpaka nyumbani, liweke mapajani kwa mkeo, mwambie yote uliyoniandikia mimi, kuanzia ile chai. Usimwelekeze, mwache naye aingize mkono. Akiwa tayari, mje naye kibandani, na kijana akifika mpe stuli, wewe nyundo iweke mbali na mkono wako, useme, mwanangu, mimi ni baba yake na huyu ni mama yake, tuambie. Akichelewa kuanza, msimharakishe.

Kuhusu buti zenyewe, nilitaka kukwambia ubaki nazo, nikaghairi. Ulipomchelewesha mwanao ulipata siku moja, na siku hiyo ni halali yako, usije ukaijutia. Lakini safari hii umeshikilia viatu vya mtu mwingine, na naye ana mama yake anayeuliza kama miguu yake ina baridi. Kijana akisema alikuja kuzirudisha, zipokee. Akizihitaji, chomoa soli zile za ndani umpe mkeo azitunze, maana mwanenu aliyebaki humo yuko kwenye ngozi hiyo, hayuko kwenye soli wala kamba. Kisha mpime kijana mguu, mkatie soli nyingine, na la kushoto ulipunguze kwa ngozi asitembelee vitambaa. Ni kazi ya nusu siku, umeniambia mwenyewe.

Usimwambie arudi kesho. Mkalishe hapo hapo kwenye stuli, peku, mkeo akimuuliza habari, wewe ukishona. Na ukishafunga yale mafundo yako mawili, mpe buti mkononi, umwambie ziko tayari.